Nimemkimbilia Mungu kwa sababu ya shida, je hiyo ni imani kweli?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Dodoma, nimelifupisha kidogo ila maneno ni yake:

"Shikamoo mchungaji. Mimi nilibatizwa utotoni lakini kanisani nilikuwa naenda harusi na misiba tu. Mwaka huu mama kagundulika ana saratani ya shingo ya kizazi, tukahamia Dar kwa ajili ya mionzi, duka langu likafa, nikachukua mikopo ya kausha damu mitatu nikilipa huu kwa huu, mume akaniambia nirudi kwetu kwanza. Usiku mmoja nikiwa nje ya wodi nimekaa kwenye benchi nilisema tu Mungu kama upo nisaidie mimi nimeshindwa. Sikuona maono wala nini ila nililala, nilikuwa sijalala siku nyingi. Tangu hapo nasali kila siku na nasoma Biblia kwenye simu. Kaka yangu ananicheka anasema huyo Mungu ni wa shida, mama akipona utamsahau, asipopona utamtukana. Na mimi mwenyewe sijui, nikiangalia ndani naona ni kama nimekata tamaa tu nikakosa pa kushika. Je hii ni imani au ni hofu? Na je nisubiri mama apone ndio nirudi kanisani rasmi? Kuna mtumishi mmoja nimeunganishwa naye kaniambia nipande mbegu ya laki tatu ili mama afunguliwe, sina hiyo hela ila naogopa nisipotoa mama atakufa kwa sababu yangu."

Marahaba dada yangu, na pole sana, pole ya mama, pole ya duka, pole ya ndoa. Nimesoma meseji yako mara kadhaa maana mimi ni mchungaji wa Kilutheri na sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeifanyia hospitali, wodini na kwenye hayo mabenchi unayoyasema, na swali lako nimeulizwa na watu wengi sana, wengine wameniuliza wakiwa na dripu mkononi. Nitakujibu kwa kirefu, uvumilie.

Niseme kwanza ninachoamini halafu nieleze kwa nini. Ile sentensi uliyoisema pale benchi ni sala, tena ni sala kamili. Hukumdanganya Mungu, hukujifanya mtakatifu, hukumuahidi kitu usichokuwa nacho, ulimwambia hali yako ilivyo ukamwomba. Watu wengi tunaosali kila Jumapili miaka nenda rudi hatujawahi kusali hivyo hata mara moja.

Sasa kaka yako anasema huyo ni Mungu wa shida. Mwambie ni kweli, na Biblia haijawahi kulificha hilo. Chukua Injili ya Marko sura ya 5, isome leo taratibu kuanzia mstari wa 21. Kuna yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, na Marko anataja kitu ambacho wewe utakielewa kuliko mimi, kwamba alishapita kwa waganga wengi, akamaliza kila alichokuwa nacho, na hali ikazidi kuwa mbaya. Yaani huyu mama hakuja kwa Yesu akiwa na chaguo kumi mkononi akalinganisha akaona hili ndio bora, alikuja hela imeisha. Na hakuja mbele akajitambulisha, alipenya katikati ya watu kwa nyuma akagusa vazi, kwa sheria ya kwao mwanamke mwenye hali ile alikuwa najisi hata kumgusa mtu hakutakiwa, kwa hiyo alikuja na hofu, na alipoulizwa nani kanigusa alikuja anatetemeka. Angalia hapo. Shida, kufilisika, hofu, kujificha, vyote vipo ndani ya mtu mmoja, na Yesu anamwambia "Binti, imani yako imekuponya." Hakumwambia hofu yako imekuponya wala hakumwambia nenda kwanza ukatulie urudi ukiwa na sababu nzuri zaidi. Alichokileta yule mama katika hali ile ile, Yesu akakiita imani.

Na sura hiyo hiyo kuna Yairo, mkubwa wa sinagogi, mtu wa heshima zake, kaanguka miguuni mbele za watu kwa sababu binti yake wa miaka 12 anakufa. Unafikiri kama yule mtoto angekuwa mzima anacheza nje Yairo angekuja kupiga magoti mbele ya fundi seremala wa Nazareti? Sidhani. Alafu nenda sura ya 9, yule baba mwenye mtoto wa kifafa, yeye hata hana uhakika, anasema "ukiweza neno lolote, utuhurumie", na alipobanwa akalia "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mimi hiyo sentensi nimewaandikia wagonjwa wengi kwenye vikaratasi wakaweka chini ya mto. Nakushauri na wewe uishike, maana inajibu lile swali lako la hii ni imani au ni hofu, mtu anaweza akawa navyo vyote viwili kwenye pumzi moja na Yesu hakumfukuza.

Hata mwana mpotevu wa Luka 15, watu tunapenda kumhubiri kama alitubu kwa uchungu wa dhambi, soma vizuri, kilichomwinua pale kwenye nguruwe ni njaa. Alikumbuka kwamba kwa baba yake hata watumishi wanakula na kusaza. Alirudi kwa sababu ya chakula, na baba alimwona angali mbali akakimbia, hakusubiri kwanza apime nia yake. Na yule mnyang'anyi msalabani wa Luka 23, hana hata muda wa kuonyesha kama atabadilika, anasema tu nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako, na anakubaliwa siku hiyo hiyo.

Hoja ya kaka yako ukiiangalia vizuri inasema hivi: kwa kuwa ulianza kumtafuta Mungu ukiwa na shida, basi Mungu huyo umemtunga mwenyewe. Hiyo haifuatani. Kilichokufanya utafute ni kitu kimoja, na kama unachokitafuta kipo ni swali lingine kabisa. Yesu mwenyewe alitumia mfano wa tabibu, kwamba wenye afya hawamhitaji, wanaomhitaji ni wagonjwa, na hatujawahi kusikia mtu anasema daktari ni wa kutungwa kwa kuwa wanaomfuata ni wagonjwa. Kwa hiyo asikutoe kwenye reli kwa hilo. Ila nikwambie ukweli, kwenye lile la pili, kwamba mama akipona utamsahau, hapo kagusa kitu cha kweli na tutakirudia chini, usimchukie.

Kuna jambo nataka ulijue kabla sijaendelea maana najua litakujia usiku. Usije ukafikiri Mungu kampa mama yako saratani ili wewe urudi kanisani. Watu watakuambia, tena watu wa kanisani, kwa nia nzuri, "Mungu alikuwa anakuvuta." Mimi sifundishi hivyo. Kwenye Luka 13 walimletea Yesu habari za vifo, na yeye mwenyewe akaongeza ile habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine, akajibu mwenyewe, sivyo. Saratani ya shingo ya kizazi kwa sehemu kubwa sana inatokana na kirusi kinaitwa HPV, na ndio maana sasa hivi mabinti wadogo wanachanjwa mashuleni. Kama una binti mwenye umri huo ahakikishwe kachanjwa, na wewe mwenyewe kapime, hicho kipimo kinafanyika hata kwenye vituo vya afya vingi. Ninachoamini ni kwamba Mungu alikukuta kwenye shida hiyo, hakuileta, na kuna tofauti kubwa kati ya hayo mawili, mtu akiyachanganya baadaye anakuja kumwogopa Mungu kama mtu anayemwogopa mkopeshaji.

Na pia sio kweli kwamba shida yenyewe inaleta imani. Nimeona vitanda viwili vinavyotazamana, ugonjwa ule ule, umri unakaribiana, mmoja akaanza kusali akiwa pale na mwingine aliyekuwa mzee wa kanisa akaniambia mchungaji usije tena kwangu. Na huyo wa pili sikumlaumu, nilimwambia nitapita tu kukusalimia sitasali, na nikawa napita. Shida inachofanya ni kuondoa vile tulivyokuwa tunavishika, kazi, afya, mume, hela ya akiba, na mtu anabaki kama alivyo. Pale ndipo wengine wanaita, wengine wananyamaza. Mtume Paulo, ambaye hakuna wa kumwambia imani yake ni ndogo, aliwaandikia Wakorintho kwenye ile barua ya pili sura ya 1 kwamba kule Asia walilemewa kupita nguvu zao mpaka wakakata tamaa ya kuishi. Paulo huyo huyo! Na anasema kilichotokea humo ni kwamba wakajifunza kutojitumainia wenyewe bali kumtumaini Mungu anayewafufua wafu. Kwa hiyo ukiniambia ndani unaona umekata tamaa tu ukakosa pa kushika, nakwambia Paulo kaandika karibu hivyo hivyo, na ikaingia kwenye Biblia.

Tuje sasa kwenye lile la kaka yako. Imani iliyoanza kwenye shida haina ubaya wa kuanzia hapo, ubaya ni ikibaki hapo hapo. Luka 17, wakoma kumi walipiga kelele "turehemu", wote kumi wakapona, akarudi mmoja kushukuru, tena Msamaria. Hao tisa sala yao ilikuwa ya kweli, walipona kweli, ila walichukua uponyaji wakaenda zao. Na Yohana 6 wale waliokula mikate wakamfuata Yesu mpaka ng'ambo ya ziwa, akawaambia wazi mnanitafuta kwa sababu mlishiba. Hakuwafukuza lakini aliwaambia ukweli, na wengi wakaondoka, mpaka akawageukia wale kumi na wawili na ninyi mnataka kuondoka, Petro akasema "Bwana, twende kwa nani?" Nakuomba uone jibu la Petro lilivyo. Hajasema wewe unatupa mikate. Hajasema tumeelewa yote uliyofundisha, maana siku hiyo hakuna aliyeelewa. Amesema hatuna kwingine, na wewe unayo maneno ya uzima wa milele. Wewe pale benchi ulikuwa na nusu ya kwanza ya sentensi ya Petro, hatuna kwingine. Hiyo nusu ya pili ndio inakuja kwa kukaa naye, na inachukua muda, dada.

Inachukua muda mrefu kuliko watu wanavyotoa ushuhuda. Kanisa letu linaitwa la Kilutheri, basi huyo Martin Luther mwenyewe tarehe 2 Julai 1505 alikuwa kijana wa miaka 21 anarudi chuoni Erfurt, radi ikapiga karibu naye pale Stotternheim, kwa woga akapiga kelele anamwomba Mtakatifu Anna, akaahidi atakuwa mtawa. Wiki mbili baadaye kaingia monasteri kweli. Hiyo ni imani ya woga mtupu, na kwa miaka mingi ilimtesa, alifunga, aliungama mpaka anaungama vitu vidogo vidogo, akimwona Mungu kama hakimu tu, mpaka alipokuja kukaa na barua ya Warumi akaona kwamba mwenye haki anaishi kwa imani na haki hiyo anapewa, hainunui. Mwanzo ulikuwa radi, na hakuna anayesema kwa kuwa ilikuwa radi basi yaliyofuata ni uongo.

Mwingine ni John Newton, Mwingereza, baharia, mtu wa matusi na dharau kwa dini. Machi 1748 meli yao ikapigwa na dhoruba Atlantiki, ikavunjika ubavu, wakasukuma maji kwa pampu, na humo akajikuta anasema Mungu atuhurumie. Walifika Ireland wiki kadhaa baadaye wakiwa hoi. Watu wengi wanaishia hapo na kusema aliokoka. Lakini Newton baada ya hapo aliendelea na biashara ya watumwa, akawa nahodha kabisa, anabeba watu kutoka Afrika Magharibi wamefungwa minyororo chini ya sitaha, mpaka 1754 alipoacha bahari, na hata hapo ilikuwa kwa sababu ya ugonjwa. Alikuja kuwa mchungaji, na mwaka 1788 ndio akaandika kijitabu cha kuilaani biashara hiyo hadharani na kueleza alichokiona kwa macho yake. Kutoka dhoruba mpaka hapo ni miaka 40. Na yeye mwenyewe aliandika kwamba asingeweza kujiita muumini kwa maana kamili mpaka muda mrefu baada ya siku ile ya dhoruba. Mimi hii habari inaniuma kama Mwafrika, siwezi kuisema haraka haraka kama wengine wanavyofanya, kuna watu walikufa kwenye meli za mtu anayesali asubuhi na jioni. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama sala ya kwenye dhoruba inatosha, namwambia inatosha kuanza, kisha huyo mtu aruhusu Mungu aguse biashara yake, ulimi wake, na anavyotendea watu wengine. Hapo ndio utajua, na kaka yako pia ndio atajua.

Na karibu na kwetu, mwaka 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini kule Rwanda, alikuwa kachoka hoi baada ya njaa kubwa iliyoua watu wengi, kakata tamaa na kazi na yeye mwenyewe, akaenda Kampala, na pale Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, ambaye naye alikuwa na kiu hiyo hiyo. Wakakaa wakasoma Biblia wakaomba pamoja. Kutoka kwa hao watu wawili na wenzao kukatoka uamsho wa Walokole uliosambaa Rwanda, Uganda, Kenya na kuvuka mpaka Bukoba kwetu, na wazee wengi waliotulea kiimani ni matunda yake. Haukuanza na watu wenye nguvu zao.

Sasa lile lingine alilolisema kaka yako, "asipopona utamtukana." Nitakuambia kitu ambacho kitakushangaza, Biblia imekuachia maneno ya kumlalamikia Mungu. Zaburi ya 13 inaanza "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Na Zaburi ya 88 ni ngumu zaidi, zaburi nyingi za kilio mwishoni zinageuka kuwa sifa, hiyo haigeuki, inaishia gizani, mstari wa mwisho neno la mwisho ni giza. Kulikuwa na mzee mmoja wodi ya wanaume, kakatwa mguu kwa sababu ya sukari, mke alishafariki, watoto hawaji. Siku ya kwanza nilimsomea Zaburi ya 23 akageukia ukutani. Nikamsomea 88. Nilipomaliza nikataka kuongeza neno la kutia moyo, akainua mkono nisiongee. Kesho yake nilipopita akasema, isome ile tena, ile ya mtu anayenielewa. Tukawa tunaisoma ile tu kila nikija, akilala chali na kidole kinafuata mistari kwenye Biblia ambayo macho yake hayakuwa yanaiona vizuri. Hakuna siku aliniambia ameokoka wala alitoa ushuhuda. Ila siku moja mgonjwa mpya kitanda cha pembeni alikuwa analia, na mzee akaniambia, nenda kamsomee ile yetu. Mimi naiita hiyo imani, na sitaki mtu anibishie.

Mama yako yuko kwenye mionzi, na kwa saratani hiyo ikikutwa mapema wengi wanapona kabisa, ikikutwa imesambaa inakuwa ngumu, madaktari wake ndio wanajua ipo hatua gani, waulize wakueleze wazi na uandike wanachosema. Omba apone, omba kwa nguvu zote, usiwe na aibu. Ila chukua na lile neno la wale vijana watatu mbele ya tanuru la Nebukadneza, Danieli 3, walisema Mungu wetu anaweza kutuokoa, "bali kama si hivyo", hatutaiabudu sanamu yako. Hayo maneno matatu manne yanabeba uzito wote. Sikuambii uyaseme leo. Wengine wanafika hapo baada ya miaka, wengine wanafika wakiwa kaburini wanamwaga udongo.

Sasa huyo mtumishi na laki tatu yake. Usitoe. Nasema kwa herufi kubwa, USITOE, na sio kwa sababu huna, hata ungekuwa nayo. Soma 2 Wafalme sura ya 5. Naamani jemadari mwenye ukoma kaja na fedha na dhahabu na mavazi, kapona, anataka kumpa Elisha zawadi, Elisha kaapa hapokei. Gehazi mtumishi wake ndiye aliyemkimbilia njiani kwa uongo akachukua talanta mbili za fedha, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye Gehazi. Kama nabii wa kweli alikataa shukrani ya mtu ALIYESHAPONA, huyu wako anadai kabla, kwa mtu mwenye madeni, kwa kumtishia kifo cha mama yake? Hilo ni tishio, na mtu anayetumia jina la Mungu kukutishia mkatae. Mama yako hawezi kufa kwa sababu hukutuma hela kwenye namba ya mtu.

Tumeshaona haya mambo yanafika wapi. 2011 maelfu ya watu walijipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za ARV wakiamini wamepona, na hali zikawa mbaya. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Na 2023 Shakahola kule Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Hao hawakuwa wajinga, walikuwa watu kama wewe na mimi walioishiwa, na mtu aliyeishiwa ni rahisi kumwongoza popote. Kwa hiyo kipimo changu ni rahisi, anayekuambia acha dawa, anayekuambia jitenge na ndugu zako, anayedai hela ili Mungu asikie, mkimbie hata kama anaombea watu wanaanguka. Mama asikose hata siku moja ya mionzi kwa ajili ya mkesha wa mtu. Daktari na sala vyote vinakaa chumba kimoja, mimi nimesali na madaktari kabla hawajaingia upasuaji na hawakuniambia nipunguze.

Hiyo hela kidogo unayoipata ilinde. Pale hospitali kuna ofisi ya ustawi wa jamii, nenda ukawaeleze hali yote mpaka ya nauli na chakula, wapo kwa ajili hiyo, na wengi hawaendi kwa aibu. Na kausha damu, acha kuchukua wa nne kulipa wa tatu. Mkopeshaji anatakiwa awe na leseni kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inayosimamiwa na Benki Kuu, kwa hiyo omba mkataba, uliza leseni, na nenda nao mezani ukiwa na mtu mzima mmoja wa kukusindikiza, usiende peke yako ukasaini kitu ukiwa unalia.

Na nikuulize kitu kwa upole, ile "mimi nimeshindwa" uliyoisema, ilikuwa na wazo la kutaka kufa ndani yake? Kama ilikuwepo, au kama inarudi, usiifiche kwa kuwa sasa unasali. Eliya, nabii aliyeshusha moto, siku chache baadaye alikaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe, na Mungu hakumkemea wala kumhubiria, alimtuma malaika na mkate wa kwenye makaa na gudulia la maji, akala, akalala, akaamshwa akala tena. Chakula na usingizi kwanza, mazungumzo baadaye. Kwa hiyo kula, lala, na mwambie nesi au daktari wa hapo hapo hospitali, wanalo la kufanya, na mwambie mtu mmoja wa karibu leo sio kesho.

Mwisho la kurudi kanisani. Usisubiri mama apone. Ukisubiri hapo utakuwa umefanya biashara na Mungu, apone ndio niingie, na hiyo ndio njia fupi ya kutimiza alichosema kaka yako. Jumapili hii nenda usharika wowote ulio karibu na mnapoishi hapo Dar, ibada ya kwanza asubuhi mara nyingi inaisha mapema utawahi muda wa kuona wagonjwa. Kaa nyuma kama unaona aibu, lia kama kilio kinakuja. Baada ya ibada mwone mchungaji au mwinjilisti, mwambie ulibatizwa ila hujapata kipaimara, atakuandikisha mafundisho ya watu wazima, na muulize jumuiya ya mtaa wenu inakutana wapi na siku gani. Jumuiya ndio nakusisitiza zaidi, maana ibadani utakuwa mmoja kati ya mia nyingi, lakini kwenye jumuiya ni watu kumi na kitu sebuleni kwa mtu, wakisikia mama yako yuko wodini wapo watakaobeba uji, wapo watakaokushika zamu ya usiku ili ulale. Marafiki wa Ayubu siku saba za kwanza walikaa naye chini bila kusema neno, na walikuwa sahihi mpaka walipofungua midomo. Tafuta wanaojua kukaa, na akitokea mmoja wa kukuhubiria kwamba mama ana dhambi iliyofichika, mwitikie asante na usogee kiti.

Mweleze mchungaji mapema kwamba unauguza ili akupangie vipindi vya jioni au vya siku ambazo mama hana mionzi, na mwombe pia aje kumwona mama mwenyewe pale wodini kama mama anataka. Muulize mama kwanza.